Siku Baba Alipokagua Bastola

Mama alinipigia simu nikiwa ofisini, akaniambia kwamba bunduki ikiingia kwake kijijini Kanja, yeye anatoka. Nikamuuliza anatoka aende wapi. Akasema anakuja kukaa kwangu, hapa mtaa wa Dallas, Embu mjini, na kwamba ameshaanza kufua blanketi zake.

Nampenda mama yangu. Niliseme hilo mapema ili nisihukumiwe vibaya. Lakini nyumba yangu ni ya vyumba viwili, kuta zake nyembamba, na mama ni mwombaji. Haombi kimoyomoyo. Mara ya mwisho alipokuja kukaa wiki moja, alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anafungua dirisha ili maombi yapite vizuri, kisha anamweleza Mungu kwa sauti ya mkutano wa injili jinsi bintiye alivyofikisha umri huu bila mume, na sifa za mume anayetakiwa, zikiwemo urefu na dhehebu. Majirani walianza kunisalimia kwa huruma. Mlinzi wa lango, mjane mmoja kutoka Mbeere, alinyoa ndevu. Hiyo ilikuwa wiki moja tu, na sasa mama alikuwa anazungumzia kuhamia.

Chanzo cha yote kilikuwa ng'ombe. Wezi walikuwa wameingia kwa wazee wangu, wakamtoa ng'ombe wa maziwa zizini na kumpakia kwenye gari, huku baba amesimama nyuma ya mlango ameshika mwavuli. Hakutoka. Nani angetoka? Walikuwa wengi na walikuwa na mapanga. Lakini baba hakulichukulia jambo hilo hivyo. Tangu siku hiyo aliacha kwenda kukaa na wazee wenzake pale dukani wanapopigia gumzo, na mama aliniambia kwamba hata chakula alikila akiwa ameuelekezea mlango uso. Kisha asubuhi moja akatangaza kwamba atanunua bastola.

Kwa mzee mwingine yeyote hayo yangekuwa maneno ya hasira tu. Baba alikuwa na leseni. Aliipata zamani, alipokuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa na kusindikiza malipo ya wakulima, na hakuwahi kuiacha ife, hata baada ya bunduki yenyewe kuliwa na kutu akairudisha polisi. Sasa alikuwa amekwenda kimya kimya, akajibu maswali, akapimwa macho, akapewa ruhusa ya kununua nyingine. Mama alipata habari wakati kilichobaki ni kwenda tu dukani, Meru mjini.

"Anataka umpeleke na gari lako," mama alisema. "Mpeleke. Lakini kitu hicho kisirudi na nyinyi."

"Nitamzuiaje, mama?"

"Si unamjua baba yako? Mwonyeshe kasoro moja. Zingine atajitafutia."

Huo ulikuwa mpango mzuri, na nilikata simu nikiwa nimetulia. Baba yangu hanunui kitu. Baba yangu hukishtaki kitu, na kikishinda kesi ndipo hukilipia. Kule kiwandani aliwahi kuwarudisha nyumbani akina mama wazima na magunia yao kwa sababu ya punje za kijani walizozificha chini, na baadhi yao hawajamsamehe mpaka leo. Aliponunua godoro hapa Embu alivua viatu akalala juu yake palepale dukani, upande huu kisha upande ule, halafu akamwomba mwenye duka alale kando yake ili aone kama litainama. Mwenye duka alilala. Siku tuliponunua gari langu, baba alilinusa gurudumu la akiba. Huyo ng'ombe aliyeibwa, baba alimzungukia misimu kadhaa, anamtukana miguu, anaondoka, anarudi, mpaka mwenye ng'ombe akawa anamfuata baba njiani kumwomba amnunue.

Hatari ilikuwa moja. Kitu kikimridhisha kweli, baba hutema mate kidogo kwenye kiganja na kukipaka, kama wazee wetu wanavyobariki. Godoro lilipakwa. Ng'ombe alipakwa mgongoni, na boneti ya gari langu ilipakwa mbele ya muuzaji aliyedhani baba anafuta kinyesi cha ndege. Na kitu ambacho baba amekibariki hakirudi dukani. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuipata kasoro kabla ya mate.

Nilimchukua baba kule Kanja asubuhi. Alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu wengine, na karatasi zake zote zilikuwa kwenye mfuko wa ndani. Aliniambia amefurahi kwamba nimekuja mimi, kwa sababu kwetu mtu hanunui mnyama bila shahidi, na hata kama hiki si mnyama, kinauma.

"Wewe ndiye macho yangu," alisema. "Ukiona kitu, sema. Usinionee haya."

"Nitasema, baba."

"Hasa hii, kwa sababu ni ya bei ya chini. Ya bei ya juu wanaikagua wenyewe kule inakotengenezwa. Hii wameniachia mimi."

Njia nzima kupitia Chuka alinieleza makosa ya bastola za bei ya chini, ambayo alikuwa ameyakusanya kutoka kwa askari mstaafu mmoja wa kanisani. Nilisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza shuleni. Silinda inayolegea. Skurubu zilizofunguliwa na fundi. Mtutu wenye kutu ndani. Nilipofika Meru nilikuwa na kasoro za kutosha kuangusha kiwanda kizima.

Duka lilikuwa ghorofani, nyuma ya mlango wa chuma uliokuwa nyuma ya mlango mwingine wa chuma. Mwenye duka alikuwa Mwislamu wa makamo mwenye kofia nyeupe na miwani, mtu ambaye ukoo wake umefanya biashara Meru tangu zamani, na Kimeru chake kilikuwa kizuri kuliko cha Wameru wengi ninaowajua. Alizisoma karatasi za baba moja moja, akapiga simu mahali, akaridhika. Ndipo alipotandika kitambaa cha kijani mezani na kuweka bastola mbili juu yake. Moja ilikuwa ya ghali. Baba aliitazama mara moja, haraka, kama mtu anavyomtazama mke wa jirani, akaisukuma kando.

"Hii ndogo ndio nimekuja kuona," alisema. "Lakini naona imekonda."

"Haijakonda, mzee. Hii ni ya mfukoni. Imeumbwa hivyo."

"Na hii rangi? Ni kama sufuria yenye imekaa kwa moto."

"Ndiyo rangi yake."

"Ni ya kuua nini? Panya?"

Mwenye duka alitabasamu. Nadhani alikuwa ameshauza mbuzi maishani mwake, kwa sababu hakukasirika hata kidogo. Aliifungua silinda ikatoka kando, akamwonyesha baba kwamba matundu yote ni matupu. Baba alisema hajakataa, ila akaomba naye ahakikishe. Akaingiza kidole cha mwisho katika kila tundu, kisha akakiangalia kidole kama kimetoka na uchafu. Kilitoka na mafuta kidogo. Alikinusa.

Mimi nilikuwa kazini. Niliinama juu ya kitambaa kama hakimu.

"Baba, kuna mkwaruzo hapa kwenye mpini."

Baba alipitisha ukucha, kisha akafuta kwa mkono wa koti. Mkwaruzo ukatoweka.

"Hiyo ni vumbi," alisema.

Akaanza na skurubu. Aliviangalia vichwa vyake vyote kwa sababu, kama alivyonieleza njiani, skurubu iliyoliwa ni ushahidi kwamba kuna mtu alifungua ndani kutafuta ugonjwa. Hazikuwa zimeliwa. Akaenda dirishani, akamwomba mwenye duka ashike karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, akafumba jicho moja na kuchungulia mifereji ya ndani kwa muda mrefu sana. Watu waliokuwa barabarani chini walianza kutazama juu. Baba akasema, "Mm." Mimi naijua hiyo "mm." Aliisema pia kwa ng'ombe.

Alipoitikisa silinda iliyofungwa, nilisikia kitu.

"Inacheza!" nilisema, kwa furaha kuliko nilivyokusudia. "Baba, umesikia? Inacheza!"

"Inacheza kidogo. Lazima icheze kidogo, isipocheza itakwama. Ikicheza sana ndio mbaya."

"Mzee anajua," mwenye duka alisema, akanitazama kama mtu anayejiuliza nimelipwa na duka gani lingine.

Baba akatoa mfukoni bahasha ya sadaka ya kanisa, akaikunja na kuipitisha katika lile pengo kati ya silinda na mtutu. Ilipita kwa shida. Akaikunja tena iwe nene zaidi, haikupita. Akarudisha bahasha mfukoni akiwa na uso wa mtu aliyepokea habari njema na hataki zijulikane.

Bastola hiyo nyundo yake ilikuwa imefichwa ndani, ili isinase kwenye nguo, kwa hiyo hapakuwa na cha kukokota kwa kidole gumba. Kila kitu kilifanywa na kifyatulio. Baba alimwomba mwenye duka aweke risasi bandia, zile za plastiki za kufanyia mazoezi, kisha avute polepole huku yeye akisikiliza. Akainamisha sikio, akafumba macho. Silinda ikazunguka, ikafunga, tak. Tena. Tak. Baba aliinua mkono kila mara ili aombe nyingine, mpaka kila tundu likawa limepita mbele ya mtutu na kusimama mahali pake. Hakuna lililochelewa na hakuna lililopitiliza.

Nilianza kutoka jasho. Nilimwona mama akifungua dirisha langu. Nilimwona mlinzi akinunua shati. Nikamwomba Mungu, kimoyomoyo, kwa sababu kuna watu wengine katika ukoo wetu wenye adabu hiyo.

"Inanuka mafuta," nilisema. Ndiyo kasoro iliyokuwa imebaki.

"Ulitaka inuke nini?" baba aliuliza. "Maziwa?"

Na hapo nikaona mashavu yake yakijikusanya. Nilinyoosha mkono, lakini nilichelewa. Baba alitema mate kiganjani, kidogo tu, akaipaka bastola ile juu ya mtutu kwa upole kabisa. Mwenye duka alirudi nyuma.

"Ni baraka," nilimweleza. "Ameipenda."

"Alhamdulillahi," alisema mwenye duka. Alingoja baba ageuke kutafuta karatasi zake ndipo akaifuta.

Basi ikawa imekwisha. Nilikuwa tayari nawaza jinsi nitakavyotoa kabati kwenye chumba cha pili ili kitanda cha mama kiingie. Mwenye duka, mtu wa utaratibu, akasema kabla ya kuandikiana ni vizuri mzee aishike mwenyewe na kuivuta, ajue uzito wake. Akamwelekeza kwenye ndoo ya mchanga iliyokuwa pembeni. Baba alisimama vizuri. Alirekebisha koti. Akainyoosha bastola kwenye ile ndoo kama mtu anayeonyesha wezi wa ng'ombe wake mahali pa kukaa, akavuta.

Haikulia.

Akavuta tena. Nilidhani anasikiliza kitu. Kisha nikaona kidole chake kimekuwa cheupe kwenye kiungo, na mkono wote unatetemeka, na silinda imeanza kuzunguka, imefika nusu, imerudi. Akaweka vidole viwili. Ikafika nusu, ikarudi. Akashika kwa mikono yote miwili, mdomo ameuuma, na mishipa ya shingo ikamtoka. Mwenye duka aligeuka, akaanza kupanga vitu kwenye rafu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Sikuwa nimewahi kumwona baba akishindwa na kitu kidogo hivyo. Nilikuwa nimekuja kuipinga bastola ile kwa ajili ya nyumba yangu na usingizi wangu, na sasa nilitaka kuipinga kuliko hapo mwanzo, lakini kwa sababu nyingine kabisa.

"Baba, hii ni mbovu," nilisema. "Springi yake ni mbaya. Si unaona imekwama?"

"Hizi ndogo za bei ya chini huwa ngumu, mzee wangu," mwenye duka aliongeza bila kugeuka. "Wallahi hata mimi zinanisumbua."

Baba aliishusha, akaniangalia.

"Umesema ni mbovu?"

"Ndiyo, baba."

"Wewe ndiye shahidi. Vuta tuone."

Niliichukua. Niliinyoosha kwenye mchanga, nikakunja uso, nikauma meno, nikaugulia kidogo. Nilikuwa naigiza vizuri, nafikiri. Lakini nilimsahau niliyekuwa naigiza mbele yake. Huyu alikuwa mtu aliyeyajua magunia kwa kuwatazama usoni wenyewe.

"Vuta vizuri," alisema. "Usinidanganye."

Nikavuta vizuri. Silinda ikazunguka, ikafunga. Tak. Kidole kimoja, mkono wa mtu anayeshinda ofisini akibonyeza kompyuta. Ilikuwa ngumu, ndiyo, lakini si ya kushinda mtu. Sijawahi kuichukia sauti kama ile.

Baba alitikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya mizani ikishatulia.

"Hii kitu haina makosa," alimwambia mwenye duka. "Uza kwa mtu mwenye mkono."

"Mzee, naweza kukutafutia nyingine. Kuna laini zaidi, ukingoja..."

"Hapana. Mimi nimeangalia, nimeona. Asante. Umeniheshimu."

Akamshika mkono yule mtu, akachukua karatasi zake, tukashuka ngazi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameacha dukani kitu alichokibariki. Njiani nilijaribu kuzungumza juu ya mvua, kisha juu ya bei ya kahawa, ambayo kwa kawaida humfanya aongee hadi Embu. Alijibu "mm" tu, na hii haikuwa ile ya ng'ombe. Baada ya Chuka alilala, au alifumba macho.

Mama alikuwa akitusubiri uani. Alitazama mikono yetu, mitupu, na nikaona mabega yake yakishuka kwa raha. Alianza kumshukuru Bwana palepale, kwa sauti yake ile. Baba alimpita, akakaa kwenye kiti chake cha barazani, akasema bila kuulizwa:

"Bunduki ilikuwa nzuri. Mkono ndio umekataa."

Maombi yalikatika katikati ya neno. Mama alimwangalia baba, kisha akanivuta jikoni kwa kiwiko, na mimi nikajiandaa kupokea shukrani. Nilikuwa nimetimiza agizo. Kitu hakikuja. Angebaki kwake, ningebaki kwangu, na Dallas ingelala.

"Ulikuwa wapi?" alininong'oneza kwa ukali, meno yamefungana. "Nakuuliza, ulikuwa wapi? Duka zima hilo la Meru halikuwa na nyingine laini?"

"Mama, si wewe ulisema isiingie hapa?"

"Nilisema isiingie! Sikusema ashindwe!"

Alisimama akinitazama, machozi yamemjaa, kisha akamimina chai kwenye kikombe kikubwa cha baba na kutoka nacho barazani. Nilimsikia akivuta kigoda karibu na miguu yake. Nilimsikia akimwambia ampe mkono, aukande. Halafu akaanza kwa sauti ya kutosha kufika kwa majirani, na kwa Mungu.

"Hizo bunduki zao za siku hizi ni takataka," alisema. "Zimetengenezwa vibaya kabisa. Wanaibia wazee. Hata kijana wa miaka ishirini hawezi kuvuta kitu kama hicho. Ni mbovu."

Nilisimama jikoni na kijiko mkononi, nikingoja. Baba yangu hajawahi kuacha hukumu ya uongo ipite juu ya kitu chochote, iwe gunia la jirani au gari la mwanawe. Alikunywa chai kwanza. Nilisikia kikombe kikirudi kwenye sahani.

"Kweli," alisema baba. "Ilikuwa mbovu."